Wakala anasema nibadilishe vyote, shemeji anasema naibiwa

BARUA

Mshauri, salamu nyingi.

Nimesoma safu yako kwa muda mrefu, na leo nimeona nami nikuandikie, maana jambo hili limeninyima usingizi kwa wiki mbili na nyumbani limeanza kuleta maneno.

Nina gari dogo la petroli lenye giaboksi ya otomatiki. Nililinunua jipya miaka mitatu iliyopita, na ndilo gari langu la kwanza. Nilijibana sana kulipata. Dhamana yake ni miaka mitano au kilomita 100,000. Sasa hivi linasoma kilomita 24,000. Halina kazi kubwa: asubuhi nawapeleka watoto shule, naenda kazini, jioni nawapitia, tunarudi nyumbani. Hakuna safari hapo inayozidi kilomita tano, na mimi naendesha taratibu.

Nilipolipeleka sevisi ya mwaka wa tatu kwa wakala aliyeniuzia, kijana wa mapokezi alinipokea kwa heshima zote. Akanikabidhi karatasi yenye orodha: oili ya injini na filta yake, kusukutua injini kwa dawa kabla ya kumwaga oili mpya, kusafisha nozeli, plagi zote nne, filta ya hewa, filta ya AC, mafuta ya breki, mafuta ya giaboksi, betri mpya. Baadaye akatoka karakanani akaongeza mstari kwa kalamu: "pedi za breki mbele, 7 mm, badilisha." Jumla ilikuwa karibu mara nne ya nilichojiandalia.

Nikamwambia nitalipia oili na filta yake tu, mengine nikayafikirie. Akanijibu kwa upole, ila kwa kukazia, kwamba nikiyaacha yaliyopendekezwa dhamana inaweza kuingia matatani. Nikatoka pale na karatasi mkononi, sijui nimefanya la maana au nimeharibu.

Nyumbani mume wangu akamwita mdogo wake, ambaye ni fundi wa miaka mingi. Akaisoma karatasi, akaiweka mezani. "Shemeji, hawa wanakuibia mchana kweupe. Mafuta ya breki hayabadilishwi kama hayavuji. Giaboksi ukiigusa umeiua. Oili ni oili, niletee gari mimi nikumwagie, tena kila kilomita 15,000 inatosha."

Sasa niko katikati. Wakala nikimkataa naogopa dhamana, na zaidi naogopa breki maana nabeba watoto. Shemeji nikimkataa itaonekana namdharau, na ni mtu aliyetusaidia sana. Je, mawakala hawa ni wa kuaminiwa? Na kama si wao, nimwamini nani?

Kuna jambo dogo, sijui kama lina maana. Karatasi ile imechapwa saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Gari langu liliingizwa karakanani baada ya saa tatu. Nilikuwa naliona kupitia kioo.

Mama Wawili

JIBU

Mama Wawili, salamu zimefika, na pole kwa wiki mbili za mawazo.

Nianzie pale ulipomalizia, kwenye saa ya karatasi. Orodha ilichapwa kabla mtu yeyote hajafungua boneti. Basi hakuna aliyeipima betri yako akaikuta imechoka, wala aliyechomoa plagi akaona zimekwisha. Kompyuta ilisoma umri wa gari na kilomita zake, ikatoa kifurushi kinachotoka kwa kila gari la umri huo. Nimewahi kufanya kazi upande ule wa kaunta, kifurushi hicho nakijua. Kijana aliyekupokea huenda hakukudanganya hata kidogo, alikusomea alichopewa. Mstari uliotoka kwenye gari lako lenyewe ni mmoja tu, ule wa kalamu.

Ndiyo maana nakuomba uliweke kando swali la kumwamini wakala au kutomwamini. Kwenye karatasi hiyo hiyo kuna shauri linaloweza kuokoa watoto wako na kuna shauri la kukumalizia pesa bure, na yote yamechapwa kwa herufi za ukubwa mmoja. Shika mstari mmoja mmoja uuulize umetoka wapi: kitabuni, kwenye kipimo, au mdomoni mwa mtu? Kitabu ninachosema ni kile kilicholala kwenye droo ya dashibodi. Kina kurasa za ratiba ya matengenezo, na walioiandika ndio waliolibuni gari. Tena wana sababu ya kukwambia kweli kwa kipindi ulichomo, kwa kuwa injini ikifa ndani ya dhamana, hasara ni yao.

Nianze na breki, kwa sababu umetaja watoto.

Kwenye mafuta ya breki wakala yuko sahihi na shemeji amekosea. Watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila miaka miwili au mitatu, hata kama gari halijatembea. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani, na unyevu hupenya taratibu hata kwenye mfumo usiovuja tone. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzijoto 230 za Selsiasi. Yakishanywa maji ya kufikia asilimia 3.7 hivi, kiwango hicho hushuka hadi 155. Yale ya DOT 3 hushuka kutoka 205 hadi 140. Sasa chukulia uko kwenye mteremko mrefu, gari limejaa, mguu uko kwenye breki muda wote. Breki zinapata moto, mafuta yanachemka, mvuke unajaa kwenye mabomba. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Pedali inazama hadi chini na gari halisimami. Baya zaidi ni kwamba yakishapoa pedali hurudi kuwa ngumu kama kawaida, na fundi akija kukagua haoni kasoro yoyote. Nadhani ndiyo sababu mafundi wengi wazuri, na shemeji mmojawapo, hawaliamini jambo hili. Walijifunza kazi kwa macho na mikono, na hili halionekani wala halishikiki. Kipo kifaa kidogo cha kupima unyevu kwenye mafuta ya breki. Mwambie wakala akupimie ukiangalia, lakini kama kitabu chako kinasema miaka mitatu, badilisha hata bila kipimo.

Pedi ni habari nyingine. Milimita 7 ni kipimo halali, nakipongeza, ila neno "badilisha" lililofuata halitokani nacho. Pedi mpya za mbele za gari dogo huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 hivi, na hubadilishwa zinapokaribia 3. Tuseme zako zilianza na 11. Zimelika milimita 4 kwa kilomita 24,000, na zimebaki na milimita 4 nyingine kabla ya kufika 3. Kwa mwendo wako hiyo ni kama miaka mitatu mingine. Ni hesabu ya juu juu, kwa kuwa pedi hazilingani kulika upande hadi upande, lakini inatosha kukutuliza. Andika "7 mm" na tarehe. Kila sevisi omba namba mpya, uandike chini yake. Baada ya mara mbili tatu utajua pedi zako zinalika kwa kasi gani, na hutahitaji mtu akuambie.

Tuje kwenye oili. Hapa nina neno ambalo huenda hukulitarajia: umeandika kwamba gari lako halina kazi kubwa, na mimi naona lina kazi ngumu. Injini ikichoma petroli hutoa maji pia, na inapokuwa bado baridi, maji kidogo na petroli kidogo hupita pembeni mwa pistoni na kushukia kwenye oili. Safari ndefu huipasha oili moto wa kutosha, vitu hivyo vikafuka na kutoka. Kilomita tano hazitoshi. Unazima injini ndiyo kwanza inaanza kupata joto, kisha unairudia hivyo mara nne kwa siku, kwa miaka mitatu. Fungua kitabu utafute ratiba ya matumizi magumu. Utakuta pametajwa vumbi, foleni, joto kali, kuvuta tela, na utakuta pametajwa safari fupi fupi. Hiyo ndiyo ratiba yako, na mara nyingi muda wake ni kama nusu ya ule wa kawaida. Kwa hiyo kama wakala amekwambia urudi mapema kuliko jirani yako mwenye gari kama lako, huenda yuko sahihi.

Zile kilomita 15,000 za shemeji kwako zingekuwa karibu miaka miwili bila kugusa oili. Usikubali. Kila ratiba ya oili ina kilomita na ina miezi, na kinachotangulia ndicho kinachohesabika. Wewe daima kitakachotangulia ni miezi.

Kuhusu "oili ni oili", nalichukua kwa uzito kwa sababu nimeona injini zikiumia kwa sentensi hiyo. Kitabu kitakuandikia uzito, yaani oili ni nyepesi au nzito kiasi gani kutiririka, mfano 0W-20 au 5W-30, na kiwango cha ubora, mfano API SP. Injini za siku hizi zina njia nyembamba za oili. Ukimwaga 20W-50, ambayo ni nzito zaidi, kwenye injini iliyoundwa kwa 0W-20, asubuhi oili inachelewa kufika juu, na dakika zile za kwanza ndizo zinazokula vyuma. Na wewe unawasha injini baridi mara nyingi kuliko wengi.

Kusukutua injini na kusafisha nozeli: kama kitabu hakina mistari hiyo, na vitabu vingi havina, kataa bila wasiwasi. Injini ya kilomita 24,000 iliyobadilishiwa oili kwa wakati haina tope la kusukutuliwa. Na ile yenye tope, dawa inaweza kulibandua likaenda kuziba chujio la pampu ya oili. Nozeli, zile zinazonyunyizia petroli kwenye injini, husafishwa zikionyesha dalili: injini inatetemeka ikiwa imesimama, inakosa nguvu, inakunywa mafuta kuliko kawaida. Hukutaja hata moja.

Plagi, angalia kitabu. Za iridium mara nyingi hufika kilomita 100,000. Za kawaida hubadilishwa mapema zaidi kuliko hapo. Filta ya hewa na ya AC zitazame kwa macho yako, ni kazi ya dakika chache na kitabu kinaonyesha zilipo. Ukiikuta imejaa vumbi na majani, ibadilishe.

Betri sitaki nikwambie ni uongo, kwa sababu safari fupi haziipi muda wa kujaa, na betri ya miaka mitatu inaweza kweli kuwa imechoka. Ninachokataa ni kuibadilisha kwa kusoma kalenda. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Kisha ipimwe kwa mashine inayoibebesha mzigo, utolewe karatasi ya majibu. Shemeji anaweza kukufanyia kipimo cha kwanza kesho asubuhi.

Giaboksi ndiyo inayogawanya watu, na hapa hata kitabu kinahitaji kusomwa kwa makini. Vipo vinavyosema mafuta yake hayabadilishwi maisha yote ya gari. Lakini ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza giaboksi za otomatiki kwa magari ya kampuni nyingi, yenyewe inashauri kubadilisha kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka minane. "Maisha yote" ya anayetangaza gari lenye matunzo nafuu si lazima yawe maisha yote unayoyataka wewe uliyejibana kulinunua. Kwa hiyo sikubaliani na shemeji kwamba giaboksi haiguswi kabisa. Hofu yake ina chanzo: giaboksi nyingi zimekufa baada ya kumwagiwa mafuta yasiyo yake, au baada ya kuguswa zikiwa tayari zimeshachoka. Ila kwa kilomita 24,000, kama kitabu chako hakijataja, bado mapema. Na siku itakapofika, mafuta yawe yale yale yaliyotajwa kwa giaboksi yako, hasa kama ni ya aina ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua hatua.

Sasa dhamana, maana naona hiyo ndiyo iliyokutia hofu pale kaunta. Dhamana inakudai ufuate ratiba ya kitabu na uweze kuthibitisha. Kukataa kusukutua injini hakuivunji kama hakumo kwenye ratiba. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss inamzuia mtengenezaji kuifunga dhamana kwa sharti kwamba utumie vipuri au huduma zenye jina lake tu, isipokuwa akikupa bure. Umoja wa Ulaya nao una kanuni zinazolinda gereji huru na mwenye gari kwa namna hiyo. Sheria hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo soma kijitabu cha dhamana yako. Na siku nyingine mtu akikwambia dhamana itaingia matatani, mwombe kwa upole akuandikie kwenye karatasi ni kifungu gani. Nimeona kauli nyingi zikilegea pale kalamu inapotolewa.

Hofu ya shemeji kwamba watu huuziwa wasichohitaji haikuanguka kutoka mawinguni. Mwaka 1992 mamlaka za jimbo la California ziliituhumu Sears, kampuni kubwa ya maduka iliyokuwa na karakana zake za magari, kwamba iliwauzia wateja matengenezo yasiyo ya lazima, baada ya wachunguzi kupeleka magari huko kwa siri. Wapokeaji magari walikuwa wakilipwa kamisheni kwa walichouza, na kampuni ikaiondoa kamisheni hiyo. Hata leo unaweza kumuuliza kijana wa mapokezi, bila ugomvi, kama analipwa kwa orodha anayoiuza. Jibu lake litakusaidia kujua umsikilize vipi.

Pamoja na hayo yote, usimkimbie wakala. Magari huitwa kurudi kwa kasoro za kiwandani, na kazi hiyo hufanywa na wakala bila malipo. Mifuko ya hewa ya Takata iliwahi kuitisha magari kwa makumi ya mamilioni duniani, kwa sababu kemikali iliyokuwa ndani ilichakaa kwa joto na unyevu, ikawa inapasua kopo lake na kurusha vipande vya chuma kwa abiria. Hakuna fundi wa mtaani, hata awe hodari vipi, ambaye angeiona hiyo kwa kufungua boneti. Wakala huingiza namba ya chesisi kwenye kompyuta akaona. Mwombe akuangalizie kila unapokwenda.

Kuhusu shemeji, usimwambie umemkataa, kwa sababu kweli hujamkataa. Ana haki kwenye kusukutua injini, kwenye nozeli, na kwa sasa kwenye giaboksi. Keti naye na kitabu mezani, mpe yeye akisome, na umwambie shida yako ni dhamana na watoto. Fundi wa miaka mingi akionyeshwa ukurasa ataheshimu ukurasa. Akitaka kukumwagia oili, sawa, mradi ni ile ya kitabu, na kila mara pabaki risiti yenye tarehe, kilomita, aina ya oili na namba ya filta. Kama shemeji hatoi risiti, basi dhamana ikiwa hai oili ifanywe panapotolewa risiti, na yeye awe jicho lako la pili kwa kila orodha utakayopewa.

Wiki hii rudi kwa wakala na mambo mawili tu: mafuta ya breki, na namba ya chesisi. Betri iende baada ya shemeji kuisoma asubuhi. Ile karatasi ya saa mbili na dakika kumi na nne usiitupe. Iweke ndani ya kitabu cha gari, na mwakani wakikupa nyingine, tazama kwanza imechapwa saa ngapi.